Kabla ya kuingia Limveld: ya kujua kuhusu Elden Ring Nightreign

Swali: Tuko watatu tunaocheza gemu pamoja kila wikendi, na tumekubaliana kununua Elden Ring Nightreign. Mmoja wetu alimaliza Elden Ring, sisi wawili hatujawahi kuigusa. Tujue nini kabla ya kuanza? Na siku mmoja akikosekana, bado inachezeka?

Jibu: Inachezeka, ndugu yangu, na ninyi wawili mnaoingia wapya hamko nyuma sana ya mwenzenu. Huenda yeye ndiye atakayepata taabu zaidi mwanzoni. Elden Ring, iliyotoka Februari 2022, inamlea mchezaji kuwa mvumilivu. Nchi iko wazi, hakuna anayekuharakisha, bosi akikushinda unageuza njia, unaokota, unajijenga, kisha unamrudia siku uliyo tayari. Nightreign, iliyotoka tarehe 30 Mei 2025, imechukua maadui walewale, panga zilezile na ukwepaji uleule, ikaviweka chini ya saa inayokimbia. Mwenye mazoea ya kupekua kila pango na kufungua kila sanduku atashtukia usiku umeingia naye bado dhaifu. Karibu kila nitakachowaambia hapa kinatokana na jambo hilo moja: muda ndio mali yenu kubwa, na mnautumia watu watatu kwa pamoja.

Kwanza niwatoe hofu ya ununuzi. Nightreign ni gemu inayojitegemea. Huhitaji kuwa na Elden Ring kwenye mashine yako, wala huhitaji kujua hadithi yake. Waliotengeneza ni walewale FromSoftware wa Japani, ila aliyeongoza kazi hii ni Junya Ishizaki, si Hidetaka Miyazaki aliyeongoza gemu mama. Hadithi inaanzia katika ulimwengu uleule, baada ya vita kuu vilivyoivunjavunja nchi, kisha inashika njia yake yenyewe: Bwana wa Usiku amekuja, na mashujaa wanane wametumwa kumzuia. Nchi mnayoshukia inaitwa Limveld, na mwenzenu ataitambua mara moja, kwa sababu imefinyangwa kutokana na Limgrave, eneo la kwanza la gemu mama. Atakutana pia na sura za zamani kutoka Dark Souls, mfululizo wa awali wa FromSoftware, kama Nameless King na yule Centipede Demon. Kwa shabiki mkongwe hilo ni raha tupu. Kwenu ninyi watakuwa mabosi wapya tu, wala hamtapungukiwa na kitu.

Sasa jinsi safari inavyokwenda. Makao yenu ni Roundtable Hold. Hapo mnachagua wahusika, mnapanga vifaa, mnafanya mazoezi, kisha mnachagua ni Bwana yupi wa Usiku mnamfuata. Mkishaanza msafara, ndege wa kiroho anawabeba na kuwadondosha sehemu fulani ya Limveld, nyote mkiwa levo 1. Kuna siku tatu. Katika siku ya kwanza na ya pili mnakimbia ramani nzima mkiua, mkiokota na kupanda levo, huku duara la mvua ya usiku likijikunja taratibu kuwazunguka. Anayebaki nje ya duara analiwa na mvua hiyo kidogo kidogo mpaka aanguke. Duara likifika mwisho wa kujikunja, bosi wa usiku anatokea katikati yake, na lazima afe ili kuche. Siku ya tatu haina ramani. Mnapata nafasi fupi ya kupumzika na kutumia runi zilizobaki, yaani malipo mnayoyapata kwa kuua maadui, kwa mfanyabiashara, kisha mnapita mlango na kukabiliana na Bwana wa Usiku mwenyewe. Kila siku ya kukimbia inachukua kama dakika 15, na msafara unaofika mwisho hula kama dakika 40 hadi 45. Pangeni jioni zenu kwa kipimo hicho. Msianze msafara kama mmoja wenu anajua ataondoka baada ya nusu saa, kwa sababu hakuna kusimamisha gemu mkiwa kundi, na watu wawili waliobaki na maadui wa watu watatu wana kazi nzito.

Mkishindwa, kila kitu mlichookota ndani ya msafara kinapotea: levo, silaha, dawa, vyote. Huo ndio urithi wa gemu iitwayo Rogue ya mwaka 1980, ambayo ilizaa familia nzima ya gemu za kuanza upya kila unapokufa, ramani ikibadilika kila mara. Lakini Nightreign ni tawi la upole la familia hiyo. Mkishinda au mkishindwa, mnarudi Roundtable Hold na masalio, yaani vijiwe vyenye nguvu ndogondogo za kudumu, pamoja na fedha ya gemu iitwayo Murk. Kwa hiyo hata jioni ya vipigo vitupu inawaongezea kitu. Nasisitiza hili kwa sababu makundi mengi huvunjika moyo baada ya kuangushwa mara chache za mwanzo, wakidhani hawasongi mbele, kumbe kabati lao la masalio linajaa na macho yao yanazoea mapigo.

Nirudi kwenye muda, maana hapa ndipo misafara inapotengenezwa au kuharibika.

Mkitua tu, fungueni ramani. Msianze kupigana na kila kitu kilicho mbele ya macho. Ramani inaonyesha makanisa, kambi, magofu, maboma, migodi, minara na ngome kubwa katikati, na baadhi ya alama hizo zina picha ndogo pembeni inayodokeza aina ya nguvu iliyopo hapo: moto, radi, utakatifu, uchawi, sumu na kadhalika. Mpangilio hubadilika kila msafara, kwa hiyo hakuna njia moja ya kukariri. Kinachokaririka ni mpangilio wa mahitaji.

Hitaji la kwanza ni levo za mwanzo. Maadui wadogo walio karibu na mlipotua wanatosha kuwapandisha levo moja au mbili, na hiyo inawapa uhai wa kuvumilia kambi ya kwanza. Runi mnazopata hazina maana mpaka mguse kituo cha Grace, ambapo mnapanda levo, mnajazwa uhai na chupa zenu za dawa zinajaa tena. Hakuna kuchagua upandishe nini. Sifa zinapanda zenyewe kulingana na mhusika, na hii inaokoa muda mwingi. Kwa hiyo msipite kituo cha Grace mkiwa na runi za kutosha levo. Ni sekunde chache tu, na mtu aliyekufa na runi mfukoni anazidondosha pale alipoangukia, tena anashuka levo moja.

Hitaji la pili ni makanisa. Kila kanisa lina sanamu ya Marika, malkia wa ulimwengu huo wa gemu, na kuigusa kunakuongezea chupa moja ya dawa hadi mwisho wa msafara. Mnaanza na chupa 3. Kundi linalomfikia Bwana wa Usiku likiwa na chupa 3 na kundi linalomfikia likiwa na 6 linapigana vita viwili tofauti kabisa. Kila mmoja aguse mwenyewe. Msimwache mwenzenu nyuma akipigana na mbwa mmoja asiye na faida huku ninyi mkigusa na kuondoka. Kwa maoni yangu, njia nzuri ya siku ya kwanza ni ile inayounganisha makanisa mawili au matatu, na vituo vingine vinaingizwa katikati kama viko njiani.

Hitaji la tatu ni silaha inayomfaa mnayemfuata, nalo nitalieleza baadaye kidogo.

Levo ya juu kabisa ni 15. Kundi geni lisijilaumu likimaliza siku ya kwanza na levo 6 au 7, lakini mkiikamilisha siku ya pili mkiwa chini ya levo 11, jueni kwamba njia yenu ilikuwa na mizunguko mingi isiyo na faida. Mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili: mlipigana na bosi mmoja mgumu kwa muda mrefu kupita kiasi, au mlitawanyika. Bosi wa uwandani anayekataa kufa aachwe. Inauma kumwacha akiwa na uhai kidogo, naelewa, ila ukitazama saa utaona kwamba kambi mbili nyepesi zingewapa zaidi. Kuhusu kutawanyika, gemu inaongeza nguvu za maadui kwa kuwa mko watatu. Mtu anayejitenga na kuvamia boma peke yake anapigana na maadui waliotengenezwa kwa ajili ya watu watatu.

Harakati zenyewe zinawasaidia. Hakuna farasi, lakini kuna mbio za kasi zinazozidi mbio za kawaida, kuna kuparamia kuta, kuna miti ya ndege wa kiroho wanaowavusha mbali, na kuanguka kutoka juu hakuumizi hata kidogo. Hilo la mwisho mwenzenu aliyecheza Elden Ring atalisahau na kuzunguka kila genge. Mkumbusheni aruke.

Ngome ya katikati ina maadui wazito na zawadi nono. Nashauri muiache mpaka mwishoni mwa siku ya kwanza kama mmekaa vizuri, au mfungue nayo siku ya pili. Migodi inatoa mawe ya mhunzi ya kuimarisha silaha. Pia kuna magereza ya duara yaliyofungwa kwa mihuri, yanayofunguliwa kwa Stonesword Key. Ndani yake kuna bosi mmoja na zawadi inayostahili muda, mradi muwe na levo za kutosha. Ukiona ufunguo huo unauzwa kwa mfanyabiashara na runi zinatosha, nunua.

Tuje kwenye silaha. Mhusika yeyote anaweza kushika silaha yoyote. Hakuna masharti ya nguvu au ustadi kama katika gemu mama. Sharti pekee ni levo, kwani silaha adimu inakutaka uwe umepanda kiasi fulani kwanza, na kadiri rangi ya adimu inavyopanda ndivyo levo inayotakiwa inavyopanda. Bado kila mhusika ana silaha anazozitumia vizuri kwa sababu ya sifa zake, hivyo mwenye nguvu za mwili apokee nyundo na shoka, mwenye akili za uchawi apokee fimbo. Una nafasi 6 za silaha, na hapa kuna siri ambayo wageni wengi huchelewa kuijua: silaha nyingi zina faida za pembeni zinazofanya kazi hata ikiwa imening'inia tu bila kushikwa. Ngao isiyokufaa kupigania inaweza kuwa inakuongezea uhai. Kwa hiyo usijaze nafasi kwa panga sita za kupigia. Shika moja au mbili za kazi, na nyingine ziwe za faida zake. Silaha usiyoihitaji idondoshe mwenzako aichukue, na mkiangusha bosi, kila mmoja ana orodha yake ya zawadi, kwa hiyo hakuna anayempora mwenzake.

Udhaifu wa Bwana wa Usiku unaonyeshwa kwenye meza ya kuchagulia msafara. Wako wanane. Gladius, mbwa mwenye vichwa vitatu, anaumizwa na utakatifu. Adel, yule mwenye kinywa kikubwa, anaumizwa na sumu. Gnoster na Caligo wanaogopa moto, Maris na Fulghor wanaogopa radi, Libra anaathirika na wazimu, na wa mwisho, Heolstor, utakatifu unamuumiza. Tofauti inayoletwa na udhaifu huo ni kubwa kuliko watu wanavyotarajia. Kuna mabosi ambao ukiwapiga na kitu wanachokichukia wanaacha walichokuwa wakifanya na kuyumba, mkapata nafasi ya kuwashukia wote. Ndiyo maana zile picha ndogo kwenye ramani zina thamani: kama mnamfuata Gladius, magofu yenye alama ya utakatifu yanapanda hadhi katika njia yenu. Hata mmoja kati yenu akiwa na silaha sahihi, mmefaidika.

Wahusika ni wanane, na sita wako wazi tangu mwanzo. Sitawapa viwango vya nani bora, kwa kuwa kundi la watu watatu wanaoelewana linashinda na mchanganyiko wowote. Lakini kwa wageni nina mapendekezo.

Wylder ni wa kila mtu. Anatumia upanga mkubwa, ana mnyororo wa kujivutia kwa adui au kumvuta adui kwake, na ana hisia ya sita inayomwokoa na pigo moja ambalo lingemuua, mpaka apumzike tena kwenye Grace. Mmoja kati yenu wawili wapya aanze naye, na abaki naye kwa muda. Wa pili aangalie Ironeye, mpiga mishale. Mishale yake haiishi, anakaa mbali na makucha wakati anajifunza mapigo ya mabosi, alama anayoiweka kwa adui inaongeza maumivu yanayotoka kwa kundi zima, na anaweza kumwinua aliyeanguka akiwa mbali kwa kumpiga mishale. Watu wengine humdharau wakisema ni wa waoga. Mimi namwona kuwa mmoja wa wahusika wenye msaada mkubwa kwa kundi geni, hasa kwa sababu hiyo ya kuinua.

Mwenzenu mwenye uzoefu achague anachopenda, ila akitaka kuwatunza, Guardian ni chaguo la busara. Ni mtu-ndege mwenye ngao na mkuki wa shoka, ngao yake inazuia mengi, na uwezo wake mkuu wa kuruka na kushuka kwa kishindo unaweza kuwainua walioanguka. Raider ni mwenye mwili mkubwa, anavumilia kipigo na kukirudisha, na anasimamisha nguzo ya jiwe inayowaongezea nguvu walio karibu nayo. Executor ni wa mtu mwenye mkono mwepesi, kwani anaishi kwa kukinga mapigo kwa wakati kamili. Recluse, mchawi, ni hatari sana mikononi mwa anayemjua: anakusanya mabaki ya nguvu zilizotumika vitani, moto, radi, uchawi, utakatifu, na kuyachanganya kuwa mapigo mapya. Lakini ana mchanganyiko mwingi wa kukumbuka na mwili wake ni dhaifu. Nisingemkabidhi mtu jioni ya kwanza.

Kuanguka na kuinuana kunahitaji maelezo, maana kunawachanganya wageni. Mtu akiishiwa uhai hafi papo hapo. Anatambaa chini na juu yake kuna duara lenye vipande vya zambarau. Mnamwinua kwa kumpiga. Ndiyo, mnampiga mwenzenu kwa upanga mpaka vipande viishe. Mara ya kwanza ni kipande kimoja, akianguka tena ni viwili, kisha vitatu, na cha tatu hicho ni kazi hasa mbele ya bosi. Uwezo mkuu wa wahusika wengi unamaliza vipande hivyo haraka, kwa hiyo ni vizuri angalau mmoja wenu autunze wake kwa ajili ya dharura bosi anapokaribia kufa. Na ninawaomba mkubaliane jambo hili mapema: mmoja akiwa chini, mmoja anamvuta bosi, mmoja anainua. Wote wawili wakikimbilia kuinua, bosi anawafyeka wote pamoja na aliyelala. Mbele ya bosi wa usiku, mkianguka wote watatu, msafara umekwisha hapo hapo.

Mawasiliano ndani ya gemu ni ya alama tu. Hakuna sauti wala maandishi ya kuongea. Mnaweka alama kwenye ramani au kwenye kitu mlichokiona, na wenzenu wanaiona. Ninyi mnafahamiana, kwa hiyo tumieni simu au programu yoyote ya kuzungumza mliyoizoea, itawapa faida kubwa kuliko silaha yoyote mtakayookota. Mteueni mmoja awe mchora njia kwa msafara mzima. Haina haja awe mwenye uzoefu; inatosha awe mtu anayeamua haraka. Njia ya wastani inayofuatwa na wote watatu huzaa zaidi kuliko njia nzuri inayobishaniwa kwa dakika mbili.

Kabla ya kulipa, hakikisheni mashine zenu zinaonana. Gemu iko kwenye PlayStation 4 na 5, Xbox One na Xbox Series X na S, na kompyuta za Windows, lakini haivushi wachezaji kutoka familia moja kwenda nyingine. Wa PlayStation 4 anacheza na wa PlayStation 5, wa Xbox na wa Xbox, wa kompyuta na wa kompyuta. Kama mmoja wenu ana Xbox na wengine mna PlayStation, hamtakutana kamwe, na hili limewavunja moyo marafiki wengi waliokwisha kutoa fedha. Kwenye konsoli mtahitaji pia ule usajili wa kulipia wa kuchezea mtandaoni. Mkishaingia, wekeni nenosiri moja la kundi kwenye mipangilio ya kutafutana, ili gemu isiwaletee mgeni badala ya mwenzenu. Intaneti ya mmoja ikikatika katikati ya msafara, awashe gemu upya haraka. Kwa kawaida inampa nafasi ya kurudi kwa wenzake.

Sasa swali la mwenzenu akikosekana. Gemu ilipotoka ilikubali mchezaji mmoja au watatu tu, na wachezaji walilalamika sana. Sasisho la tarehe 30 Julai 2025 likaleta msafara wa watu wawili, na maadui wake wamepimwa kwa idadi hiyo. Kwa hiyo wikendi ya watu wawili haijaharibika. Peke yako pia inawezekana. Masahihisho ya Juni 2025, siku chache tu baada ya gemu kutoka, yalimpa mchezaji wa peke yake nafasi ya kujiinua mara moja katika kila pambano la bosi wa usiku, na kumwongezea runi. Hata hivyo nawashauri ninyi wapya msianzie huko. Mabosi wengi wameundwa wakiwa na rundo la mapigo ya kutawanya watu, na ukiwa peke yako macho yote yako kwako tangu mwanzo hadi mwisho.

Kuhusu masalio nitasema machache, kwa sababu faida yake inaonekana polepole. Kila mhusika ana chombo chenye nafasi tatu, na kila nafasi ina rangi: nyekundu, buluu, njano, kijani au nyeupe. Nafasi nyeupe hupokea salio lolote; kwenye nyingine salio linaingia pale rangi inapolingana tu. Wageni huangalia ukubwa wa salio na kusahau maneno yake. Soma maneno. Lile linalobadilisha silaha yako ya kuanzia kuwa ya moto au ya utakatifu linaweza kukuondolea shida nzima ya kutafuta udhaifu wa bosi, na lile linalokuanzisha msafara ukiwa na Stonesword Key mfukoni linakuokolea safari. Yasiyofaa yauzeni mpate Murk, na Murk hiyo inunue vyombo vipya kwenye duka dogo la mtungi pale Roundtable Hold, kabla ya kununua masalio ya kubahatisha. Chombo kipya kinafungua rangi mpya, na hapo masalio mliyokuwa nayo yanapata nafasi.

Kuna mengi yaliyoongezwa tangu gemu itoke, na matangazo yatawavuta. Mabosi walioongezewa nguvu waitwao Everdark Sovereigns walianza kuja Juni 2025. Ngazi ngumu ya Deep of Night ilifunguliwa Septemba mwaka huo. Na nyongeza ya kulipia iitwayo The Forsaken Hollows, yenye wahusika wawili wapya, Scholar na Undertaker, ilitoka Desemba. Hakuna hata kimoja mnachokihitaji sasa. Gemu ya msingi ina wiki nyingi za kazi ndani yake, na nyongeza haiwarahisishii chochote.

Basi jioni yenu ya kwanza iwe hivi. Pitieni mafunzo kila mmoja kivyake. Nendeni uwanja wa mazoezi pale Roundtable Hold, kila mmoja ajaribu uwezo wake mpaka aujue bila kutazama vidole. Kisha mfuateni Gladius, maana ndiye pekee aliye wazi mwanzoni. Msafara wa kwanza uchukulieni kama wa kuona nchi. Katika wa pili, lengeni makanisa na angalau silaha moja ya utakatifu. Mkimfikia, atapigana kwanza akiwa mzima, akizungusha upanga uliofungwa kwenye mnyororo, halafu atagawanyika kuwa mbwa watatu. Hapo msikimbiane. Mkitawanyika, kila mmoja atazungukwa peke yake. Mkisimama karibu kiasi cha kuonana, mnaweza kumwangukia mmoja wao pamoja na bado mkaona wengine wanakotokea. Akijiunga tena na kurudi nyuma akiwaka moto, acheni kupiga, tazameni, kwepeni upande, kisha rudini.

Akianguka, Mabwana wengine sita wanafunguka kwa pamoja, na mkishawaangusha jumla ya wanne, njia ya kumwendea Heolstor inafunguka. Katika vitu mtakavyorudi navyo kutakuwa na saa kuukuu ya mfukoni. Msiipuuze: mpelekeeni Kuhani wa kike aliyepo Roundtable Hold, zungumzeni naye, na Duchess ataingia kwenye orodha ya wahusika wenu. Yule mwenzenu mkongwe atampenda, kwani anakwepa kwa hatua mbili na anaweza kurudia maumivu ambayo kundi limetoka kuyatia kwa adui. Halafu pitieni dukani, nunueni Besmirched Frame kwa Murk 1,500, na mtakuwa mmeanza njia ya kumpata Revenant pia.

Atakayefuata baada ya Gladius, mimi ningechagua Caligo. Silaha za moto hupatikana kwa urahisi kuliko za wazimu au za sumu, mapigo yake makubwa yanaonekana kabla hayajafika, na mwili wake mkubwa unampa Ironeye wenu shabaha ambayo hawezi kuikosa.